Limau ni Mtoto wa Nani?

Kitalu kile kiko nje kidogo ya mji wa Soroti, kando ya barabara ya kwenda Serere, chini ya kivuli cha mwembe. Nilikwenda kutafuta miche, mwenye kitalu akanikaribisha kwa kiti cha plastiki na kwa swali. Kiswahili chake ni cha barabarani, alikiokota miaka aliyokuwa akipeleka machungwa Busia kuwauzia Wakenya. Mkononi alikuwa na mbegu ya limau la kienyeji, lile la ganda nene lenye vinundu. Akaipasua kwa ukucha wa kidole gumba. Ndani hamkuwa na kiinitete kimoja. Vilikuwa vitatu vimebanana, kimoja kikubwa na viwili vidogo vimejibanza ubavuni mwake.

"Mwalimu," akasema, "mbegu hii moja itanipa miche miwili, pengine mitatu, na yote itafanana na mama yake. Sasa niambie wewe uliyesoma: limau ni mtoto wa chungwa, au chungwa ndilo mtoto wa limau?"

Siku ile nilimjibu nusu nusu, maana jua lilikuwa linazama na boda alikuwa ananisubiri. Swali lake linastahili jibu refu, kwa sababu lina mtego ndani yake. Limekusumbua kichwa wewe na mimi, na liliwasumbua wataalamu wa mimea kwa karne mbili na zaidi. Linnaeus aliipa jenasi hii, yaani kundi la michungwa, milimau na jamaa zao, jina la Citrus katika kitabu chake cha 1753, na tangu hapo wenzake hawakuacha kugombana. Mmarekani Walter Swingle alihesabu spishi 16. Mjapani Tyôzaburô Tanaka akahesabu 162. Walikuwa wakitazama miti ileile, na wote wawili walikuwa na macho makali.

Sisi wenyewe tumeyapa matunda haya majina kedekede. Kiswahili cha pwani kina chungwa, danzi, chenza, kangaja, ndimu, limau, balungi na furungu, na mtu wa Tanga anaweza kuliita balungi kile ambacho mtu wa Mombasa atakiita furungu. Katika makala haya, furungu ni lile tunda kubwa kupita yote, lenye ganda nene kama godoro, na balungi ni lile la ukubwa wa wastani lenye uchungu kidogo. Ukifika soko la Nakasero utasikia mangada, ambayo ni machenza, na nimawa, ambayo kwa Waganda wengi ni limau na pengine ndimu pia. Majina haya yanatusaidia kununua na kuuza. Kuhusu nani kamzaa nani, hayasemi kitu.

Anayesema ni jani. Ndani ya kila seli ya jani la mchungwa mna vijiumbe vya kijani makumi kadhaa, vinavyoitwa kloroplasti. Humo ndimo usanisinuru unamofanyika: mwanga wa jua, maji na hewa ya ukaa vinageuzwa kuwa sukari. Kila mwanafunzi wa kidato cha pili analijua hilo. Ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba kloroplasti ina DNA yake yenyewe, iliyo kando kabisa na ile iliyo katika kiini cha seli. Ni kama mpangaji aliyehamia katika nyumba kubwa na sanduku lake la hati, na hati zile hajazikabidhi zote kwa mwenye nyumba.

Na kweli alihamia. Zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, seli moja ilimmeza bakteria aliyejua kutengeneza chakula kwa mwanga, wa jamii ya sayanobakteria, isimsage. Wakaishi pamoja, wakazaana pamoja, na leo kila jani la kijani ni ukoo wa mapatano yale. Mrusi Konstantin Mereschkowsky aliliandika wazo hili mwaka 1905, likapuuzwa. Lynn Margulis wa Marekani akalifufua mwaka 1967, na ushahidi wa DNA ukaja kulithibitisha. Sayanobakteria anayeishi huru ana jeni kwa maelfu. Kloroplasti imebaki na mia moja na kitu tu, kwa kuwa nyingi zilipotea au zilihamia katika kiini cha seli, na uhamisho huo haujakoma. Jeni moja iitwayo infA, ambayo mimea kadhaa bado inayo katika kloroplasti, kwenye kloroplasti ya mchungwa haipo.

Tunalijua hilo kwa sababu mwaka 2006 watafiti nchini Marekani waliisoma DNA ya kloroplasti ya mchungwa mtamu herufi kwa herufi, mwanzo hadi mwisho. Walikuta herufi 160,129 zilizopangwa kwa duara, na jeni 133. Duara lile lina vipande vinne. Kipande kikubwa kina herufi 87,744, kidogo kina 18,393, na katikati yao mna vipande viwili vya herufi 26,996 kila kimoja, ambavyo ni nakala ileile iliyoandikwa mara mbili, ya pili imegeuzwa kama maandishi yanayosomwa kwenye kioo. Jumlisha utaona hesabu inakaa sawa. Miaka minane baadaye ikasomwa ya ndimu kutoka Omani: herufi 159,893. Tofauti ya urefu kati ya chungwa na ndimu ni herufi 236 tu.

Jambo hilo nilipolisoma mara ya kwanza nililirudia mara tatu. Kiini cha seli ya mchungwa kina herufi zaidi ya milioni 300 katika seti yake moja ya kromosomu tisa. Kloroplasti haifiki hata sehemu moja ya elfu ya hizo. Kwa nini basi mtu aache bahari akachunguze kisima?

Sababu ya kwanza ni ya kazi tu. Seli moja ya jani ina kiini kimoja lakini kloroplasti nyingi, na kila kloroplasti ina nakala nyingi za duara lake. Ukisaga kipande cha jani kisichozidi ukucha, DNA ya kloroplasti utaipata tele, hata kama jani limekaushwa likakaa kabatini miaka mingi.

Sababu ya pili ndiyo yenye uzito. Kila mti unaozaliwa kwa mbegu hupata nusu ya jeni za kiini kwa mama na nusu kwa baba, na kabla ya kurithishwa tena huchanganywa kama karata. Baada ya vizazi kadhaa, kumjua babu wa kila kipande ni kazi ngumu. Duara la kloroplasti halichanganywi. Katika michungwa linatoka kwa mama tu, zima kama lilivyo, kupitia yai lililomo ndani ya ua. Chavua ya baba huleta jeni za kiini, lakini duara lake halirithishwi.

Msomaji wa Uganda ana mfano tayari. Mwana wa Muganda wa ukoo wa Mmamba ni Mmamba, na wa Nkima ni Nkima: ukoo unafuata baba. Ila mmoja hayumo katika kanuni hiyo. Kabaka, kwa desturi ya kale, huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, na ndiyo maana koo mbalimbali ziliweza kujivunia kwamba zimemtoa mfalme. Kloroplasti inarithiwa kama ukoo wa Kabaka. Inakuambia mama, na mama wa mama, na mama wa mama wa mama, hadi mamilioni ya miaka nyuma. Kuhusu baba iko kimya kabisa.

Kusoma nasaba kwenye duara lile ni kazi anayoifahamu mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha madaftari. Watoto watatu wakiandika "mbuga" mahali pa "mboga", kwenye mstari uleule, najua wamenakili kutoka daftari moja. Wawili kati yao wakiwa na kosa jingine ambalo wa tatu hana, najua hao wawili walikaa karibu zaidi. Kloroplasti inaponakiliwa, mara moja moja herufi moja hukosewa, na kosa linabaki kwa kila mzawa. Panga makosa yanayoshirikiwa, na mti wa nasaba unajichora wenyewe. Makosa hayo hutokea polepole mno, na hata hilo lina faida, maana maandishi ya zamani hayajafutika.

Mwaka 2015 kikosi cha watafiti, wengi wao wa Hispania, kililinganisha kloroplasti za aina 34 za jamii hii, za porini na za shambani. Zikajipanga katika matawi makubwa matatu ya akina mama. Tawi moja lina furungu pamoja na mikrantha, mti wa porini wa Ufilipino wenye matunda madogo makavu ambayo hakuna anayeyauza sokoni. Tawi jingine lina machenza na ndugu zao wa Asia ya Mashariki. La tatu linaiweka sitroni pamoja na ndimu za porini za Australia.

Sitroni hatuioni sokoni, kwa hiyo nieleze. Ni tunda refu la manjano, karibu lote ni ganda nene jeupe, maji yake kidogo sana, na harufu yake inajaza chumba. Waarabu huliita utruji. Wayahudi hulishika mkononi katika sikukuu yao ya vibanda. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba miti aliyoiona huko ni migomba, milimau na mitruji. Pwani yetu ilimjua mzee huyu miaka karibu 700 iliyopita. Shikilia jina lake, maana ana habari kubwa mbele.

Sasa tuyaite matunda ya sokoni moja moja, tuone kila jani linamtaja nani.

Danzi linamtaja furungu. Chungwa tamu linamtaja furungu. Balungi linamtaja furungu. Na limau, lile la kawaida la ganda laini linalouzwa Kampala, nalo linamtaja furungu.

Mtu akiishia hapo ataamua kwamba limau na chungwa ni ndugu wa tumbo moja na suala limekwisha. Lakini kata limau na chungwa uyaweke sahani moja. Ukali, rangi ya ganda, chuchu ile iliyochomoza mwisho wa limau, maua yenye rangi ya zambarau kwa nje: vyote hivyo vinatoka kwa mwingine. Hapo ndipo kloroplasti inapofika mwisho wa ushahidi wake, na kiini cha seli kinaitwa kizimbani. Kiini kinasema hivi: nusu ya limau ni sitroni. Nusu iliyobaki ni danzi. Na danzi lenyewe ni chotara wa moja kwa moja, mama furungu, baba chenza.

Kwa hiyo mzee wangu wa kitalu jibu lake ni hili. Limau halikuzaliwa na chungwa, wala chungwa halikuzaliwa na limau. Mama wa limau ni danzi, na baba yake ni sitroni. Chungwa tamu nalo ni mchanganyiko wa furungu na chenza, ila halikupatikana kwa ndoa moja kama danzi. Damu hizo mbili ziliingiliana zaidi ya mara moja kabla ya kulipata. Mstari wa mama, hata hivyo, umebaki wa furungu. Balungi ni mtoto wa mwisho kabisa. Lilizaliwa visiwa vya Karibi katika karne ya 18, na Barbados ndiyo inayotajwa kuwa kwao, pale furungu na chungwa, yote mawili yakiwa wageni kutoka Asia, yalipopandwa jirani. Mama furungu, baba chungwa ambalo bibi yake naye ni furungu.

Ndimu ina njia yake. Kloroplasti yake ni ya mikrantha, ule mti wa Ufilipino usio na soko. Baba yake ni sitroni. Na limau la kienyeji la vinundu, lile ambalo mbegu yake ilipasuliwa mbele yangu, linaitwa limau lakini kloroplasti yake ni ya chenza. Baba yake? Sitroni tena. Mwaka 2016 kikosi cha Franck Curk na Patrick Ollitrault kilipochapisha uchunguzi wa malimau na ndimu, kilimkuta sitroni amesimama upande wa baba, aina baada ya aina.

Kiswahili kina maneno yaliyokaa tayari kwa hali hii. Limau, ndimu na limau la kienyeji ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali. Chungwa, danzi, balungi na limau wamefuata tumbo moja. Limau ndilo lililosimama pande zote mbili, ndiyo maana swali la mzee lilikuwa gumu. Jicho peke yake linaona uchachu na kusema hawa ni wamoja. Jani peke yake linamwona mama na kusema hawa ni wamoja, lakini ni wengine kabisa. Majibu yote mawili ni ya kweli, na kila moja limebeba nusu ya habari.

Mtu anayependa kuona kwa macho anaweza kuanza uani kwake. Chuma jani la mdanzi ulitazame pale linapoungana na kikonyo chake. Utaona kikonyo kimetanuka pande mbili kama mabawa. Kwa mfurungu mabawa hayo ni mapana zaidi, unaweza kudhani jani dogo limeshonewa chini ya jani kubwa. Kwa sitroni hayapo kabisa. Kikonyo ni kijiti tu. Sasa lete jani la limau: mabawa yamesinyaa hadi yamebaki ukingo mwembamba, katikati ya mama na baba. Swingle na Tanaka walizitazama alama kama hizi kwa uangalifu mkubwa. Walichokosa ni njia ya kujua kama tofauti waliyoiona ni ya spishi au ni ya ndoa.

Na hawakuwa na makosa makubwa kuziona chotara kama spishi. Chotara wa kawaida, kama mahindi ya mbegu za kisasa, ukipanda mbegu yake kizazi cha pili kinaparaganyika: hili refu, lile fupi. Limau halifanyi hivyo, na sababu ni ileile aliyonionyesha mzee kwa ukucha wake. Katika mbegu ya limau la kienyeji, viinitete vingi havikutokana na ndoa ya chavua na yai. Vimechipuka kutoka katika nyama ya mama inayolizunguka yai, kwa hiyo ni mama yuleyule aliyeandikwa upya. Mwaka 2017 watafiti wa China walionyesha kwamba tabia hii inaambatana na kipande cha DNA kilichojipachika karibu na jeni moja ya kiini. Chotara aliyezaliwa mara moja, pengine kwa nyuki mmoja asubuhi moja, akaweza kujinakili kwa mbegu karne baada ya karne, akavuka bahari, akapewa majina, akaonekana kama kabila lenye asili yake.

Hapa nitaje jambo ambalo watu hulikosea wakisikia habari za vipimo vya DNA. Ukichukua miche mitatu iliyotoka katika mbegu ile, miwili ikiwa nakala za mama na mmoja mtoto halisi wa ndoa, kloroplasti haitakusaidia kumtambua mtoto. Wote watatu wana duara lilelile la mama. Mwenye kitalu humtambua kwa macho: mche mmoja unakuwa mfupi au majani yake yanapinda, anaung'oa. Maabara ikitaka kumtambua lazima isome kiini.

Vivyo hivyo kwa majina ya machungwa. Teso imepandwa Valencia, Hamlin na Washington Navel kwa wingi, na matunda yake ndiyo yanayolisha malori ya Busia na kiwanda cha matunda cha Soroti kilichofunguliwa 2019 kwa msaada wa Korea Kusini. Hayo yote ni mchungwa mtamu mmoja, aliyebadilika tawi hapa na tawi pale, mkulima akapenda alichokiona na kukibebesha, yaani kuunganisha jicho lake kwenye shina la mti mwingine. Washington Navel, kwa mfano, ilitoka Bahia nchini Brazil, ikapelekwa Marekani mwaka 1870. Kloroplasti zake zinafanana mno kiasi kwamba mtu akikuahidi kukuthibitishia Valencia kwa kupima kloroplasti, usimpe pesa yako.

Kuna mahali pamoja, hata hivyo, ambapo kloroplasti ingenifaa mimi binafsi sana.

Miaka ya nyuma nilinunua miche kumi ya Valencia, iliyobebeshwa, kwa mtu ambaye simtaji. Niliipanda nyuma ya nyumba huko Mbale, nikaimwagilia kila jioni kiangazi chote. Mwaka wa nne ikazaa. Minne ilizaa machungwa. Sita ilizaa matunda ya ganda la vinundu, yenye mbegu tele, makali ya kukunja uso. Nilipochimbua udongo uliokuwa umerundikana shinani niliona kovu la kubebeshea, na juu ya kovu kijiti kikavu kilichokufa zamani. Jicho la Valencia lilikuwa limekauka tangu kitaluni, shina la limau la kienyeji likachipua kutoka chini yake na kuchukua nafasi, nami nikalilea miaka minne nikiliita chungwa.

Mchungwa uliobebeshwa ni viumbe viwili katika mti mmoja. Chini ya kovu, kwenye shina na mizizi ya limau la kienyeji, kloroplasti ni ya chenza. Juu ya kovu, kwenye majani ya Valencia, kloroplasti ni ya furungu. Matawi mawili ya akina mama, yaliyoachana mamilioni ya miaka, yanagusana pale kwenye kovu lisilozidi upana wa kidole. (Huko Ujerumani mwaka 2009 watafiti walionyesha katika tumbaku kwamba jeni za kloroplasti zinaweza kuvuka kovu la namna hiyo kutoka seli hadi seli. Lakini ni palepale kwenye kovu tu. Hazipandi kwenda kwenye majani na matunda.) Jani moja tu la kila mche wangu, lililochumwa mwaka wa kwanza, lingetosha kusema ukweli: lenye duara la chenza si Valencia. Hilo kloroplasti inalijua bila shaka yoyote.

Turudi nyuma zaidi, maana hadithi ya akina mama ina mwanzo. Mwaka 2018 kikosi kilichoongozwa na Guohong Albert Wu na Manuel Talon, katika jarida la Nature, kilisoma jenomu nzima, yaani DNA yote, kiini kikiwemo, za aina 60. Kikatambua spishi kumi za asili, ambazo haya matunda mengine yote yametokana nazo kwa kuchanganyika. Chimbuko likawekwa kwenye miteremko ya kusini mashariki mwa Himalaya, eneo linalogusa Assam ya India, kaskazini mwa Myanmar na magharibi mwa Yunnan, China. Huko Lincang, Yunnan, kuna majani ya jamii hii yaliyogeuka mawe tangu mwisho wa enzi ya Miosini. Kati ya miaka milioni 8 na 6 iliyopita hali ya hewa ilibadilika, mvua za masika za Asia zikapungua nguvu, na jamii hii ikatawanyika upesi pande nyingi. Zile za Australia ziliachana na wenzao baadaye, kama miaka milioni 4 iliyopita.

Neno "upesi" hapo ni muhimu. Mti wa nasaba uliochorwa kwa kiini na ule uliochorwa kwa kloroplasti haulingani sawasawa katika matawi ya kale. Baadhi ya watu wakisikia hivyo hudhani mmoja umekosewa. Fikiria familia kubwa iliyotawanyika kwa vita ndani ya mwezi mmoja. Bibi alikuwa na kanga tatu, na kila kundi liliondoka na kanga iliyokuwa karibu. Ukija baadaye kutafuta nani ni ndugu wa karibu kwa kulinganisha kanga, utaunganisha makundi ambayo kwa damu si ya karibu sana. Kloroplasti ni kanga moja. Kiini ni vitu vyote vya nyumbani. Spishi zikiachana polepole, kanga na vitu vingine vinasema jambo moja. Zikiachana kwa haraka, vinatofautiana, na tofauti yenyewe ni dalili kwamba mtawanyiko ulikuwa wa ghafla.

Utafiti ule wa kloroplasti 34 uliongeza jambo jingine ambalo halikutarajiwa: ndani ya mmea mmoja, duara zote hazikuwa sawa herufi kwa herufi. Katika aina kadhaa kulikuwa na mchanganyiko wa nakala zilizotofautiana kidogo. Kwa hiyo hata ule usemi wangu kwamba duara linashuka zima kutoka kwa mama una nyufa ndogo, na ni vema mtu azijue kabla ya kuapa.

Na huku kwetu? Jenasi ya Citrus yenyewe haikuzaliwa Afrika, lakini binamu zake wamo katika misitu yetu, na ni wenyeji wa kale. Mabira na Budongo kuna mti mdogo wenye miiba na majani yaliyogawanyika, unaoitwa katimboro kwa Kiganda na omuboro kwa Kinyoro. Jina lake la kitaalamu ni Citropsis articulata. Sugua jani lake, ulinuse: ni harufu ya ndimu. Kwa DNA umo katika familia hii ndogo ya michungwa, kando tu ya jenasi yenyewe, na wataalamu wameitazama jamii ya Citropsis kama shina linaloweza kubebeshwa machungwa. Waganga wanautafuta kwa ajili ya mizizi yake, inayoaminiwa kuwapa wanaume nguvu. Tatizo la dawa ya mizizi ni kwamba mti unang'olewa. Nimesimama Mabira mbele ya shimo ambapo mmoja ulikuwa umesimama, na udongo bado ulikuwa mbichi. Mstari wa mama ambao umekuwa Afrika tangu kale, kabla furungu, chenza wala sitroni hawajavuka bahari, ulikuwa umeishia kwenye shimo lile la ukubwa wa sufuria.

Binamu mwingine ni Clausena anisata, kichaka cha kandokando ya misitu. Huyu anahusika na afya ya machungwa moja kwa moja, kwa kuwa kuna bakteria wa ugonjwa wa majani kuwa manjano ambaye tawi lake moja limepewa jina la kichaka hiki. Vipimo vya kwanza nchini Uganda viliashiria bakteria wa Asia, yule aliyeangamiza mashamba Florida. Jeni zaidi ziliposomwa, ikabainika ni tawi la bakteria wa Kiafrika. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mkulima, na ilipatikana kwa njia ileile: kutotosheka na kipande kimoja cha maandishi.

Mwezi uliopita nilirudi kule kwenye kitalu. Nilimweleza mzee yote haya, nikichora kwa kijiti kwenye vumbi: furungu huku, chenza kule, sitroni katikati na mistari yake ya ubaba ikitoka kila upande. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza danzi linapatikana wapi siku hizi maana hajaliona tangu utotoni. Kisha akainama kwenye safu ya viriba, akachagua mche wa Valencia, akanionyesha chipukizi dogo lililoanza kutoka chini ya kovu, lenye mwiba mmoja.

"Hili ni la chenza," akasema, akalikata.